Vishikwambi Visiwe Mapambo

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipokwisha, vishikwambi walivyokuwa navyo makarani wa sensa vilipewa kazi nyingine. Viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana chombo kilichonunuliwa kwa fedha za wananchi hakistahili kuachwa kikilala stoo hadi betri yake ife, ilhali shule zinalia kwa ukosefu wa zana. Lakini tangu siku hiyo liko swali moja ambalo limekuwa likikwepwa, nalo ndilo lililo kubwa kuliko yote: je, chombo hicho, na kompyuta zilizoko katika shule zetu za sekondari, vinamsaidiaje mwanafunzi kuyapanga na kuyaendesha masomo yake mwenyewe?

Kwa sasa yaelekea kwamba vinamsaidia kidogo sana. Mwalimu hutumia kishikwambi kuandaa azimio la kazi, kujaza takwimu zinazotakiwa wilayani, na kusoma matangazo katika kundi la walimu. Hayo yote ni kazi halali. Lakini mwanafunzi haguswi nayo. Na upande wa kompyuta hali ni ya kusikitisha zaidi. Zipo shule ambazo chumba cha kompyuta hufunguliwa siku mgeni wa heshima anapozuru. Mashine zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa vizuri, ufunguo anao mkuu wa shule, na mkuu wa shule yuko safarini. Wanafunzi wa shule hiyo hiyo hujifunza kompyuta kwa kunakili ubaoni mchoro wake na majina ya sehemu zake, kama wanavyonakili mchoro wa moyo wa binadamu. Tofauti ni kwamba moyo wa binadamu hauwezi kuletwa darasani ukashikwa, bali kompyuta ipo ukuta wa pili.

Hapana budi jambo lenyewe lielezwe wazi, maana maneno ya kujifunza kwa njia ya mtandao yametumika ovyo hata yamepoteza maana. Wako wanaodhani kwamba ni mwanafunzi kukaa mbele ya kioo akitazama mhadhara wa mwalimu wa mbali. Huko ni kuhamisha ubao tu. Linalozungumzwa hapa ni jambo jingine: mwanafunzi kuwa na mahali pake katika mashine au katika mtandao, ambapo anakusanya anayoyasoma, anayaandika upya kwa maneno yake, anajipima kama ameyashika, na anawauliza wenzake na walimu pale alipokwama. Mpango huo ni wake. Mwalimu anauona, anauelekeza, anausahihisha, lakini haufanyi kwa niaba yake.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, ulidai kwamba shule zimjenge mtu mwenye akili ya kuuliza na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akakubali linalomfaa na kulikataa lisilomfaa. Miaka mingi imepita, na bado darasa lililo kimya likinakili ndilo linalohesabiwa kuwa darasa lenye nidhamu. Udhaifu huo ulionekana dhahiri shule zote zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa Kidato cha Sita walirudi Juni 1 na wengine wote Juni 29. Katika miezi hiyo mitatu na zaidi yalikuwapo masomo katika redio na televisheni, na vitabu vilikuwapo kwa baadhi yao. Lakini mwanafunzi aliyekuwa amezoea kungoja kengele hakuwa na wa kumpigia kengele.

Sasa yafaa kuitazama zana moja kwa undani, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka na kusahau. Aliona kwamba lililojifunzwa husahaulika kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Na kwamba kulirudia kwa vipindi vilivyoachana huliweka akilini kuliko kulirudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Kila mwalimu anayewaona wanafunzi wakikesha usiku wa kuamkia mtihani anajua kwamba onyo hilo halijasikika. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza namna ya kulitumia jambo hilo kwa kadi na sanduku. Mwanafunzi huandika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili. Sanduku lina vyumba kadhaa. Kadi iliyojibiwa sawasawa husogea chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa kwa nadra. Kadi iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, ambacho hufunguliwa kila siku. Kwa njia hiyo mwanafunzi hapotezi muda kwa anayoyajua, wala hawezi kuyakimbia asiyoyajua.

Tangu mwaka 2006 iko programu iitwayo Anki ambayo hufanya kazi hiyo ya sanduku ndani ya kompyuta. Hupatikana bure kwa kompyuta za kawaida na kwa simu na vishikwambi vya Android, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Mwanafunzi akijibu vizuri, kadi itamrudia baada ya siku kadhaa, kisha baada ya majuma, kisha baada ya miezi. Akikosea, itamrudia muda si mrefu.

Faida yake kwa shule za Tanzania ni kubwa kwa sababu moja iliyo yetu wenyewe. Mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Biolojia, Jiografia na Fizikia zinafundishwa kwa Kiingereza. Wengi hawashindwi na somo. Wanashindwa na maneno. Kadi yenye neno la Kiingereza upande mmoja, na usanisinuru, kani, au mmomonyoko upande wa pili, pamoja na sentensi moja fupi ya kueleza maana, ni daraja ambalo mtoto huyo anaweza kulijenga kwa mikono yake, kadi 5 kila siku. Katika majuma 10 ya masomo ya siku 5 atakuwa na kadi 250. Na lazima azitunge mwenyewe. Kadi za kupakua zilizotungwa na mtu mwingine hazina nguvu ile ile, kwa kuwa katika kutafuta maneno mafupi ya kujibu ndimo kujifunza kunamofanyika. Lau shule haina umeme hata kidogo, sanduku la karatasi la Leitner litafanya kazi hiyo hiyo. Kanuni ni ile moja. Mashine ni mtumishi wake tu.

Kukusanya ni kazi ya namna nyingine, nayo ina utovu wake wa nidhamu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, navyo husomwa bila malipo. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000. Hakuna tena sababu ya mwanafunzi wa mahali penye mtandao kusema kwamba kitabu hakipo. Lakini kijana anayeachiwa mtandao bila kuelekezwa hukusanya kama aokotaye kuni gizani. Anapakua majalada 40 asiyoyafungua tena. Mwalimu anapaswa kumzoesha mambo machache: kila anachokiweka katika folda yake akipe jina linaloeleweka, aandike kilitoka wapi na siku gani, na chini yake aandike sentensi moja ya kueleza alichokipata humo. Asiyeweza kuiandika sentensi hiyo hajasoma, amehifadhi tu. Aidha, makala za Wikipedia huandikwa na watu wa kujitolea, nyingine ni nzuri na nyingine ni pungufu. Mwanafunzi anayelinganisha makala na kitabu cha kiada na kuona zinapotofautiana amejifunza jambo ambalo hakuna mtaala unaoweza kulitia katika mada moja.

Suala la mtandao kukatika halina budi kuzungumzwa bila aibu. Mei 12, 2024 hitilafu katika nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, ule wa EASSy na ule wa Seacom, ilididimiza huduma ya intaneti katika Tanzania na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika kwa siku kadhaa. Mabenki, ofisi na wafanyabiashara walihangaika. Shule ambayo masomo yake yote yanategemea waya huo nayo ingekaa kimya. Tena, hata waya ukiwa mzima, gharama ya vifurushi humwangukia mwalimu, anayelipa kwa mshahara wake.

Kwa sababu hiyo zana zinazofaa zaidi kwa shule zetu ni zile zinazohitaji mtandao mara moja na kufanya kazi bila mtandao siku nyingine zote. Zipo, wala si za kubuni. Programu ya Kiwix, iliyoanza 2007, humwezesha mtu kuihifadhi Wikipedia nzima katika kompyuta na kuisoma pasipo intaneti. Programu ya Kolibri, inayosambazwa bure na shirika la Learning Equality la Marekani, huwekwa katika kompyuta moja, hata ile ndogo ya bei nafuu iitwayo Raspberry Pi, kisha wanafunzi wakaifikia kwa vifaa vyao vilivyo chumba kimoja bila kutumia kifurushi hata kidogo. Mwalimu huona nani amefika wapi, na mwanafunzi huendelea kwa mwendo wake. Shule yenye kompyuta moja ya namna hiyo katika ofisi ya walimu, na vishikwambi vya walimu vilivyokwisha gawiwa, imekwisha kuwa na maktaba. Kinachokosekana ni mtu wa kuiwasha.

Jambo linalofuata ni la umiliki, na hapo ndipo uzembe unapoweza kumgharimu kijana kazi ya miaka. Watu wengi hawatambui kwamba chombo cha bure cha mtandaoni ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anaweza kubadili kufuli asubuhi yoyote. Julai 1, 2013 kampuni ya Google iliifunga Google Reader, zana iliyotumiwa na walimu na wasomaji wengi duniani kufuatilia maandishi mapya ya tovuti walizozichagua. Mwisho wa mwaka 2020 teknolojia ya Flash iliondolewa, na masomo mengi yaliyotengenezwa kwayo, ikiwamo michoro ya sayansi iliyokuwa ikijongea, hayakufunguka tena katika vivinjari vya kawaida. Desemba 2023 Evernote, daftari la mtandaoni lenye sifa kubwa, iliwapunguzia watumiaji wake wasiolipa hadi maandishi 50 na daftari moja. Wenye makampuni walikuwa na haki yao ya kufanya hivyo. Lakini mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyeandika maelezo yake yote mahali kama hapo atamlilia nani?

Basi shule iweke sharti moja kabla ya kuchagua zana yoyote: kisichoweza kutolewa kizima na kuwekwa mahali pengine, kisipewe kazi ya mtoto. Maelezo yaandikwe katika majalada ya kawaida yanayofunguka katika mashine yoyote. Nakala moja ibaki katika kompyuta ya shule na nyingine katika kifaa cha kuhifadhia anachoondoka nacho mwanafunzi amalizapo shule. Kazi hiyo ni yake, kama daftari lake la karatasi lilivyo lake. Vile vile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikutungwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Mwalimu anayewaandikisha watoto 60 katika tovuti ya kigeni kwa majina yao kamili, tarehe za kuzaliwa na picha, ati kwa sababu tovuti hiyo ni nzuri kwa hisabati, anatoa taarifa za watoto wa wenzake bila idhini ya wazazi wao. Nia yake njema haibadili hilo.

Wazazi wana hofu zao, na si haki kuzidharau. Shule zilizo nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na sababu zake zinajulikana kwa kila mzazi aliyewahi kumkuta mwanawe macho mekundu saa nane za usiku. Hakuna ulazima wa kuliondoa katazo hilo ili mambo yanayoelezwa hapa yafanyike. Mashine ya shule, katika chumba kilicho wazi, mwalimu akiwapo, inatosha. Ni kweli kwamba mtoto wa mjini ambaye baba yake ana kompyuta nyumbani atakuwa mbele ya mwenzake. Lakini hiyo ndiyo hoja ya kukifungua chumba cha kompyuta, wala si ya kukifunga. Msichana anayerudi nyumbani akakuta maji ya kuchota na wadogo wa kuwalea hana saa nyingine ya kujifunza mambo haya ila ile atakayopewa shuleni.

Iko pia hofu mpya, ya akili mnemba. Tangu mwishoni mwa 2022 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuiamuru mashine imwandikie insha, nayo ikaiandika kwa sekunde chache. Walimu wameanza kupokea kazi zisizo na kosa hata moja la sarufi kutoka kwa wanafunzi wasioweza kueleza aya ya kwanza ya walichokiandika. Hapa tofauti ni muhimu. Zana inayompangia mwanafunzi ratiba ya kujikumbusha humwachia kazi ya kufikiri; zana inayomwandikia jibu humnyang'anya. Mwalimu aliyeona folda ya mwanafunzi ikikua juma kwa juma, na kadi zake, na sentensi zake zenye makosa yake mwenyewe, hatadanganywa kwa urahisi na insha iliyoshuka kutoka mawinguni siku ya mwisho. Na katika chumba cha mtihani wa taifa kijana atakuwa na kalamu na karatasi yake tu.

Wale wasemao kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri wamesahau historia ya nchi yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kujifunza vijijini, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani. Chombo kilikuwa redio. Lakini redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Palikuwa na kijitabu, palikuwa na kiongozi wa kikundi aliyepata mafunzo, palikuwa na saa iliyojulikana, na baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Waliopanga kampeni ile walitambua kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akiwa na wenzake wa kuwauliza. Mwaka mmoja kabla yake Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeanzisha masomo kwa njia ya posta, na mfanyakazi alisoma usiku kwa taa ya chemli, akaandika majibu yake, akayatia katika bahasha, akangoja masahihisho. Huyo alikuwa akiyapanga masomo yake mwenyewe kwa ukamilifu ambao wanafunzi wengi wenye kompyuta leo hawajaufikia.

Kutokana na hayo, vikundi vya wanafunzi wanne au watano wenye folda ya pamoja, ambapo mmoja huweka swali na mwingine hujibu, na mwalimu hupitia mara moja kwa juma, ni jambo linalowezekana hata katika darasa lenye wanafunzi 80. Mwalimu hawezi kusahihisha madaftari 80 kila siku, na hakuna mtu mwenye haki ya kumdai hivyo. Anaweza kupitia folda 16 au 20 kwa juma.

Lakini mwalimu hawezi kumfundisha mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe halifanyi. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini unawakutanisha walimu katika shule zao ili wajadili ufundishaji. Mikutano hiyo ndiyo mahali pa kuanzia. Badala ya kufundishwa kwa siku nzima historia ya kompyuta na aina zake, kila mwalimu afungue kishikwambi chake, aunde folda ya somo lake, atunge kadi 20, na juma linalofuata awaonyeshe wenzake. Nao wathibiti ubora wa shule wanapofika wasiridhike kuhesabu mashine. Waombe kuonyeshwa kazi ya mwanafunzi mmoja, waliyemchagua wenyewe, ya miezi mitatu iliyopita. Shule ambayo haiwezi kuionyesha haina chumba cha kompyuta, hata kama ina mashine 40.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shule yenye kompyuta 20 zinazofanya kazi na wanafunzi 400 inaweza kuwagawa katika makundi 20. Kila kundi likipata saa moja kwa juma, chumba kitakuwa wazi kwa saa 20, yaani saa 4 kila siku ya masomo. Saa hiyo moja itumike kukusanya, kuandika na kuwajibu wenzao. Kadi za kujikumbusha zifanywe kila siku kwa karatasi pale pasipo na kifaa. Mhula mpya unaanza Januari. Kabla ya siku hiyo wakuu wa shule wabandike ukutani ratiba ya saa hizo 20, pamoja na jina la mwalimu atakayekuwa na ufunguo na jina la yule atakayekuwa nao siku mwenzake anapougua.